Mama Kipimajoto na Jengo Lililogeuzwa

Wasifu huu unasomwa na mdogo wake marehemu, fundi mwashi, leo Jumatano tarehe 21 Februari 2024, ndani ya ukumbi wa kituo cha mafunzo ya ujenzi. Ukumbi umetolewa na mwenyekiti wa kamati ya ujenzi kwa heshima ya marehemu. Mwenyekiti huyo alipendekeza shughuli ianze saa tatu asubuhi. Mdogo wake ndiye aliyeng'ang'ania saa nane mchana. Mwenyekiti alileta pia aya moja iliyochapwa tayari ili iingizwe humu, inayosema kwamba marehemu "alishirikiana na kamati kwa upendo licha ya changamoto za kitaalamu zilizojitokeza." Familia imeisoma na kuikataa. Changamoto huwa hazijitokezi zenyewe kama uyoga. Kuna mtu aliyezifanya, ana jina na ana kiti. Marehemu hakuwa mtu wa kuzungukazunguka, na wasifu wake hautazunguka.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa kwanza katika familia ya watoto wawili, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya tanuri la matofali alikofanya kazi baba yetu. Nyumba hiyo baba aliijenga kwa mikono yake. Paa lilikuwa bati tupu lisilo na dari, dirisha moja, nalo linatazama machweo. Kuanzia mchana hadi jioni hapakukalika ndani. Marehemu akiwa na miaka tisa alikuwa akihamisha mkeka kuzunguka nyumba akifuata kivuli, saa kwa saa, na kila mahali anapohamia anachora mstari chini kwa mkaa. Siku moja baba alimuuliza anachora nini. Akamjibu, "Naangalia kivuli kinapokwenda, baba. Wewe ulijenga tanuri la pili, halafu ukatuingiza humo kama mikate." Baba alinuna siku mbili nzima. Siku ya tatu alitoboa ukuta wa upande wa pili na kuweka dirisha, na usiku huo, alisema mama, kila mtu alilala bila kugombana.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1968 na sekondari kuanzia 1975 hadi 1978. Siku ya kuaga, mwalimu wa sayansi alimpa kipimajoto cha kioo ndani ya kijisanduku cha mbao. "Chukua," alimwambia. "Maabara nzima, ni wewe peke yako uliyekiuliza kitu." Kipimajoto hicho hakikuachana naye kwa miaka arobaini na mitano, na ndicho kilichompa jina ambalo mafundi wengi waliomo humu ndilo pekee wanalolijua. Januari 1979 aliingia chuo cha ufundi, darasa la uashi, msichana peke yake kati ya wavulana thelathini na mmoja. Mkufunzi alimsimamisha mlangoni na kumwambia, "Binti, ushonaji ni jengo la pili." Akasema, "Nimeshapita huko, mwalimu. Kuna joto kali. Nimekuja hapa nijue nani alilijenga." Alimaliza mwaka 1981 akiwa wa pili darasani. Wa kwanza alikuwa mtoto wa mkuu wa chuo, na hayo tuyaache.

Mdogo wake alizaliwa miaka minane baada yake, na likizo zote za chuo alikuwa akimfuata kama mkia. Alipofika miaka kumi, marehemu alimfundisha kufunga kamba ya msingi kwenye kigingi, lile fundo ambalo ukilivuta linakaza na ukilisukuma linaachia. Mdogo wake anatumia mkono wa kushoto, kwa hiyo kila alipolifunga lilitoka kinyume, mkia wa kamba ukiangalia kushoto. Alijaribu mpaka akataka kulia. Dada akacheka, akamwambia, "Acha, funga hivyohivyo. Kazi yako nitaijua hata kama haupo."

Kuanzia 1982 alijenga. Alianza kwa kubeba zege, akapanda hadi kushika mwiko, na kufikia 1990 alikuwa msimamizi wa saiti mwenye wanaume arobaini chini yake, baadhi yao walimwita dada na baadhi waliapa hawatamwita chochote. Huko ndiko hasira yake ilikopata kazi. Aliona shule, maofisi na nyumba za wafanyakazi zinachorwa na watu waliokaa kwenye vyumba vya baridi, zinajengwa na watu wasioulizwa neno, kisha zinakaliwa na watu wanaotokwa jasho mpaka wafe. Jumamosi ya tarehe 6 Agosti 1994, chini ya kibanda cha bati nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, alianza darasa lake la kwanza akiwa na wanafunzi saba.

Sharti lake lilikuwa moja, na wengi lilikuwa likiwachoma. Hakukubali kumfundisha mchoraji ramani peke yake, wala mhandisi peke yake, wala mwashi peke yake. Waje pamoja, wakae benchi moja, au warudi nyumbani. Mwashi alijifunza kusoma ramani na mshale wa kaskazini. Mchoraji alivua saa na kujenga ukuta wa matofali kumi. Yupo mhandisi mmoja, leo ni mtu mkubwa na amekaa humu ndani, ambaye ukuta wake ulianguka kwa sababu kuku alirukia juu yake. Marehemu hakumcheka. Alimpa matofali mengine kumi. Kuku alicheka, alikuwa akisimulia.

Mambo aliyofundisha si siri na hayahitaji kiingilio. Upande mrefu wa jengo utazame kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na la jioni lipige zile kuta fupi. Paa litokeze vya kutosha kuufunika ukuta kwa kivuli. Hewa iingilie chini, na juu kuwe na matundu ya kutolea joto, maana joto linapanda na likikosa mlango linarudi kukaa nawe. Pale udongo unapofaa, ushindiliwe kuwa matofali kwa saruji kidogo, badala ya kuchoma msitu mzima kuyaoka. Jengo likijipoza lenyewe, umeme unabaki kwa taa na mashine.

Mtihani wake nao ulikuwa wa aina yake. Fundi akimaliza nyumba, marehemu alimketisha mwenye nyumba chumbani saa nane mchana na kumpa karatasi moja nyeupe aishike, bila kumwambia ni ya nini. Kisha alipiga naye soga nusu saa, habari za watoto, habari za magoti. Mwenye nyumba akianza kujipepea kwa ile karatasi, fundi amefeli. Karatasi ikibaki mapajani, fundi anapewa cheti. Hapakuwa na rufaa. Mafundi mia nne na kumi na wawili walipata cheti hicho, na wapo waliofeli mara tatu na kurudi mara ya nne wakiwa wameongeza paa kwa hasira.

Jumamosi ya tarehe 12 Desemba 1987 alifunga ndoa na fundi wa majokofu na viyoyozi. Watu walidhani ni utani. Mume alikuwa akilalamika mbele ya wageni, "Mke wangu kila akijenga nyumba, mimi napoteza mteja," na marehemu alimjibu kwamba akitaka joto la kutosha kumpa kazi, ofisi za serikali hazijaisha. Walijaliwa watoto wawili: binti, ambaye ni mchoraji ramani na amewahi kufeli mtihani wa karatasi wa mama yake mwenyewe, na mwana, ambaye ni mwalimu wa hesabu. Nyumba yao haikuwahi kuwa na kiyoyozi. Mume alikiri, lakini kwa sauti ya chini, kwamba hakukuwa na pa kukiweka wala sababu.

Sasa tufike hapa tulipo.

Ukumbi huu ulikusudiwa kuwa darasa kuu la mafunzo yake, jengo la mfano ambalo watu wangekuja kuligusa. Aliuchora pamoja na wanafunzi wake kwa miezi kumi na mmoja. Alhamisi ya tarehe 3 Machi 2016 alikuja hapa na dira mkononi, akapiga vigingi mwenyewe, upande mrefu ukitazama kaskazini. Kesho yake alisafiri kwenda kufundisha mji mwingine. Jumamosi, mwenyekiti alifika saiti akiwa na bango la jina la kituo kwenye gari. Akasimama barabarani, akafumba jicho moja, akaona mambo hayampendezi. Mgeni rasmi angekata utepe kwenye ubavu mfupi wa jengo, na picha isingetoka vizuri. Akamwita fundi aliyekuwa zamu.

"Geuza hivi vigingi," akamwambia. "Mbele kuangalie barabara."

"Lakini mwalimu alipima kwa dira, bosi."

"Mwalimu ni wa kufundisha. Mwenye kazi ni mimi. Na kuna mabweni yanakuja baada ya hapa, yanatafuta fundi. Au nikamtafute mwingine?"

Fundi aligeuza vigingi robo mzunguko na kufunga kamba upya. Simu ilikuwa mfukoni, ina chaji, na namba ya marehemu ilikuwa ya kwanza kwenye orodha. Jumatatu zege lilimwagwa. Alhamisi marehemu aliporudi alikuta msingi umeshakauka, na jengo lake la mfano limelazwa ubavu mzima kwenye jua la jioni.

Aliandika barua tatu kuomba kazi isimame, na hakujibiwa hata moja. Jengo lilipoanza kuchemka, kamati ilileta viyoyozi sita, na ili vifanye kazi ikaziba kwa plaiwudi matundu yote kumi na manane ya juu, hayo hapo juu ya vichwa vyenu. Mwaka wa pili bili ya umeme iliwashinda, viyoyozi vikazimwa, plaiwudi ikabaki. Wakamwita mume wa marehemu aje kuvitengeneza. Alipanda ngazi, akatazama, akashuka. "Havijaharibika," aliwaambia. "Mmeziba pua ya jengo, sasa mnataka nilipulizie mdomoni?" Akachukua mkoba wake akaondoka.

Jumatano ya tarehe 14 Machi 2018 kiliitishwa kikao, humuhumu ndani. Mwenyekiti aliuliza swali moja tu, na alilipanga vizuri. "Nani alipiga vigingi vya jengo hili?"

Marehemu alisimama. "Mimi."

"Kuna mtu mwingine?"

Alitazama mpaka mstari wa nyuma, alikokaa fundi aliyevigeuza. Fundi alikuwa anaangalia viatu vyake. "Hakuna," akasema, akaketi.

Mwenyekiti alijua ukweli. Amri alikuwa ameitoa mwenyewe kwa mdomo wake, akiwa na bango kwenye gari. Hata hivyo ripoti ilitoka wiki mbili baadaye ikisema joto la ukumbi limetokana na "kasoro za usanifu za mwalimu," na kwamba mbinu zake hazifai kwa majengo ya umma. Mafunzo yakafungwa. Miaka ishirini na minne ya Jumamosi ikazimwa kwa karatasi ya kurasa nne. Tangu siku hiyo, fundi akisema paa liongezwe, anajibiwa, "Hayo ya Mama Kipimajoto yalishajaribiwa, yakafeli." Zimejengwa shule mbili na zahanati moja za aina hiyohiyo ya kuoka watu. Katika mojawapo ya shule hizo, watoto husoma vipindi vya mchana wakiwa wamevua viatu na kukanyaga sakafu tupu ili wapoe. Marehemu alikwenda kupima. Kipimajoto kilisoma nyuzi thelathini na nane. Alirudi nyumbani, akakaa na koti lake bila kulivua, na mdogo wake alipomuuliza vipi, alisema, "Nimechoka kuwa sahihi." Hilo ndilo neno pekee la kulalamika ambalo mdogo wake aliwahi kulisikia kutoka kwake.

Mwezi Mei 2021 alianza kukohoa kikohozi kisichoisha. Daktari aliona kwenye picha mapafu yaliyochakazwa na vumbi la saruji na mawe, vumbi la miaka ya ujana wake. Aliambiwa apumzike. Alipumzika kwa kufundisha barazani kwake, wanafunzi wanne wanne, chupa ya dawa mkono mmoja na chaki mkono mwingine, na mkohoaji alikuwa ndiye anayewakemea wazima kwa kusinzia. Kufikia Oktoba mwaka jana hakuweza tena kusimama kwa muda mrefu. Alifundisha akiwa amekaa, kisha akiwa amelala.

Alifariki dunia Alhamisi ya tarehe 15 Februari 2024, saa tisa kasoro dakika kumi mchana, chumbani kwake, wiki tatu kabla ya kutimiza miaka sitini na mitatu. Mume na watoto walikuwa pembeni yake, na mdogo wake alikuwa amesimama karibu na dirisha. Nje lilikuwa jua la kupasua mawe. Aliuliza, "Kinasoma ngapi?" Mumewe alikitazama kipimajoto ukutani akasema, "Ishirini na sita." "Vizuri," akasema, na hakusema tena.

Jumamosi iliyopita mdogo wake alifungua madaftari yake ili apate tarehe za wasifu huu. Ni madaftari kumi na saba ya jalada la bluu, yamejaa vipimo vya vyumba. Kwenye ukurasa wa tarehe 10 Machi 2016, siku marehemu aliyorudi na kukuta msingi umemwagwa, alikuta kipande cha kamba kimebandikwa kwa gundi, kikiwa bado na fundo. Mkia wa fundo unaangalia kushoto. Chini yake ameandika: "Fundo la kushoto. Ana watoto wanne, wa mwisho hajatimiza hata mwezi. Wakijua watamharibia kazi mji mzima. Mimi hawawezi kunifanya kitu."

Waliweza, dada.

Aliyevigeuza vigingi ni mdogo wake, huyuhuyu anayesoma. Aliyeangalia viatu kwenye kikao ni yeye. Mabweni alipewa, akayajenga, na kwa karibu miaka minane alikuwa akienda kumsalimia dada yake kila Jumapili, akinywa chai yake na kunyamaza, akidhani dada hajui. Mwenye kumkasirikia mwenyekiti ana haki kamili, lakini asimwache na huyu aliyesimama mbele yenu. Yeye ameshaanza kujikasirikia, na amechelewa sana. Ungamo hili ameliandika kwenye barua na kulitia sahihi. Nakala ziko kwa katibu wa kamati na kwa mhandisi wa mji, na moja imebandikwa kwenye mlango wa ukumbi huu. Barua inataka ripoti ile ifutwe kwa maandishi na mafunzo yafunguliwe.

Na kama kuna anayetaka ushahidi zaidi, atazame mikono yake. Mdogo wake alipokuwa anaandika mstari huu alikadiria kwamba akiufikia itakuwa saa nane na nusu, na kwamba karibu kila mtu humu ndani atakuwa anajipepea kwa karatasi hii ya wasifu mliyopewa mlangoni, kuanzia viti vya mbele. Mmeketi nusu saa. Huo ndio mtihani wa marehemu, nao ulikuwa hauna rufaa. Jengo limefeli, na fundi aliyelifelisha ni mimi.

Marehemu ameacha mume, binti na mwana, wajukuu watatu, mafundi mia nne na kumi na wawili wenye cheti, na mdogo wake mmoja, mwashi wa mkono wa kushoto. Mafundi kadhaa wako nje sasa hivi na ngazi na mitaimbo. Tukitoka makaburini tutarudi hapa kung'oa plaiwudi kumi na nane. Ukuta hatuwezi kuugeuza, ila pua tunaweza kuizibua. Mwenye kutaka kutuzuia atuzuie mchana huu, mbele ya watu wote.

Apumzike kwa amani dada yetu, pahali penye kivuli na hewa ya kutosha.